Mpanda Mlima Aliyeuliza Kwanza

Edmund Hillary alifariki mjini Auckland, New Zealand, tarehe 11 Januari 2008, akiwa na umri wa miaka 88. Huku Kakamega habari hiyo ilipita bila kusikika. Wiki hizo Kenya ilikuwa inawaka baada ya uchaguzi wa Desemba, na kila boma lilikuwa linahesabu watu wake. Kwa hiyo namkumbuka sasa, yeye pamoja na taasisi aliyoiacha, Himalayan Trust. Nina sababu ya pili ya kumwandika nikiwa hapa: mmoja wa waliomtangulia katika njia ya Everest alipitia kwetu, na alichokifuata kwetu kilikuwa dhahabu.

Dhahabu ya Kakamega iligunduliwa mwaka 1931, na mara walowezi wakamiminika kando ya mito yetu na mabeleshi yao. Mmoja wao alikuwa Bill Tilman, Mwingereza ambaye mwaka 1930 alikuwa amepanda Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, pamoja na mlowezi mwenzake, Eric Shipton. Dhahabu haikumtajirisha Tilman. Mwaka 1933 aliiaga Afrika Mashariki kwa baiskeli, akapiga pedali kutoka Uganda hadi pwani ya Atlantiki. Mwaka 1950 yeye na Mmarekani Charles Houston walikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kutoka Magharibi kufika Khumbu, nchi ya Washerpa chini ya Everest. Mwaka uliofuata Shipton aliongoza msafara wa kukagua njia upande huo huo, na katika kundi lake alimchukua mfugaji wa nyuki kutoka New Zealand. Huyo ndiye Hillary. Tarehe 29 Mei 1953 alisimama kileleni mwa Everest pamoja na Msherpa Tenzing Norgay.

Wazee wetu walibaki na mashimo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa, italipwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932, dhahabu ilipokwisha kuonekana, serikali ya kikoloni iliibadili sheria hiyo upesi: fidia ingeweza kuwa pesa taslimu, na baraza la wenyeji halikuwa lazima liulizwe. Ardhi ya mababu iligeuzwa shilingi bila mwenyewe kutia neno. Nayakumbusha haya kwa sababu anayeyajua ataelewa kwa nini historia ya taasisi ya Hillary inanigusa hivi.

Taasisi hiyo huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1960. Hillary alikuwa Khumbu na msafara wa utafiti wa mwili wa binadamu katika miinuko mirefu, akawauliza Washerpa waliokuwa wakifanya kazi naye ni jambo gani angeweza kuwafanyia. Walijibu kwamba wanataka shule kwa ajili ya watoto wao. Hawakuomba barabara wala mnara wa kumbukumbu. Mwaka 1961 shule ya Khumjung ilifunguliwa katika jengo dogo la alumini. Vijiji vya jirani vilipoiona vikaandika maombi yao, na mwaka 1963 Thame na Pangboche vikapata shule. Utaratibu ulikuwa mmoja: kijiji kinaomba, wanakijiji wanajitolea nguvu zao, Hillary anatafuta pesa na vifaa, na mara nyingi anashika nyundo mwenyewe. Sisi tuliochangia harambee hatuhitaji kufafanuliwa. Chuo cha WECO, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilianza hivyo hivyo katika miaka ya 1970, kwa michango ya watu wa Magharibi mwa Kenya waliotaka elimu ya juu karibu na kwao.

Mwaka 1964 ulijengwa uwanja wa ndege wa Lukla, ili vifaa vya ujenzi visibebwe mgongoni kwa siku nyingi. Ardhi ilinunuliwa kutoka kwa wakulima wenyewe. Udongo ulipokuwa bado laini na mashine za kuushindilia hazipo, Hillary aliwaalika Washerpa kwa pombe yao ya kienyeji, nao wakashikana mikono wakacheza ngoma yao ya kukanyaga hadi uwanja ukawa mgumu.

Hospitali ya Kunde ilifuata mwaka 1966. Milimani huko chumvi haikuwa na madini ya joto. Watu wengi walikuwa na rovu shingoni, na watoto walizaliwa viziwi au wenye akili zilizodumaa. Madaktari wa kujitolea waliwadunga mafuta yenye madini hayo, na tatizo lililokuwa limezoeleka kama sehemu ya maisha likaanza kutoweka. Katika yote aliyoyafanya Hillary, hili ndilo naliweka juu kuliko kilele chenyewe.

Tarehe 31 Machi 1975 mke wa Hillary, Louise, na binti yao Belinda, aliyekuwa na miaka 16, walipanda ndege ndogo Kathmandu kwenda Phaphlu, ambako Hillary alikuwa akijenga hospitali ya pili. Ndege ilianguka mara tu baada ya kuruka. Huzuni ilimlemea kwa miaka mingi. Hata hivyo, hospitali ya Phaphlu ilikamilika.

Lukla nayo ilileta jambo ambalo hakulitarajia. Watalii walimiminika, na miti ikakatwa ili wapikiwe na wapate moto wa kuota. Hillary alilikiri hilo waziwazi. Aliunga mkono kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha mwaka 1976, na taasisi yake ikafungua vitalu vya miche. Sisi tunaoishi kando ya Msitu wa Kakamega, tunaojua mzigo wa kuni unatoka wapi, hatuna haki ya kumlaumu sana. Tuna haki ya kuuliza vitalu vyetu viko wapi.

Mmoja wa watoto waliosoma Khumjung, Kami Temba, aliajiriwa Kunde kama msaidizi wa afya. Baadaye alikwenda Fiji kusomea udaktari, akarudi kuiongoza hospitali iliyokuwa imeendeshwa na madaktari kutoka New Zealand na Kanada. Matetemeko ya Aprili na Mei 2015 yalipobomoa madarasa na nyumba Khumbu, Hillary alikuwa amefariki miaka saba kabla. Taasisi ilichangisha tena, vijiji vikatoa watu wake, na madarasa yakajengwa upya.