Kitreni cha Mtoto na Volti za Nyumbani

Wanafunzi wangu wengi huamini kwamba historia ya dola husomwa katika vita na mikataba. Leo nawaomba tuisome katika kitreni cha kuchezea.

Mwaka 1925 kampuni ya Frank Hornby, ya Liverpool nchini Uingereza, ilianza kuuza treni zake za kwanza za umeme za watoto. Ziliendeshwa kwa umeme wa nyumbani, na kati ya waya wa ukutani na reli paliwekwa balbu. Balbu ilichukua sehemu ya volti, na mota ya treni ikapata iliyobaki. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi maadamu treni inakwenda. Treni ikianguka na mtoto akazishika reli kwa mikono miwili, mwili wake ulishika nafasi ya mota. Balbu ya wati 60 kwenye volti 240 hupitisha robo ya ampea. Sehemu ya kumi ya ampea, ikipita kifuani, yaweza kusimamisha moyo.

Dawa ilikuwa imekwisha kujulikana, nayo ni transfoma. Koili mbili za waya huzungushwa kwenye chuma kimoja bila kugusana; nishati huvuka kwa usumaku, na volti hushuka. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilileta mfumo wa volti 20 mwaka 1926, na Hornby wakafikia kiwango hicho katika miaka ya 1930.

Kwa nini basi balbu? Transfoma hufanya kazi kwa mkondo geu tu, ilhali nyumba nyingi zilipewa mkondo mnyoofu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, London na vitongoji vyake ilikuwa na wauzaji umeme 65, na viwango 24 tofauti vya volti kwa wateja. Fundi angetengeneza transfoma ya mtaa upi? Nionavyo mimi, balbu ilikuwa jibu la soko kwa nchi isiyo na kiwango kimoja, na hatari ya jibu hilo aliibeba mtoto.

Mwaka 1926 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda Bodi Kuu ya Umeme, ijenge gridi ya taifa ya mkondo geu. Bodi haikuundwa kwa ajili ya vitreni. Hata hivyo, kadiri umeme ulivyolinganishwa, ndivyo transfoma moja ilivyoweza kufaa katika kila mji.

Mwenye treni ya aina hiyo leo asiichomeke ukutani kama zamani, wala asiamini transfoma kuukuu ambayo kihami cha waya wake kimechakaa.

Nao wanaoniambia kwamba viwango ni urasimu, nawauliza: mzazi yule, hata angekuwa mwangalifu kiasi gani, angebadilishaje peke yake mkondo wa mji mzima?