Njaa Zilizopewa Majina: Ukame katika Nchi ya Nyeri



Kabla ya kufunga hesabu za mwaka, yafaa tufungue hesabu nyingine iliyo ya zamani zaidi, nayo ni hesabu ya njaa. Mababu zetu hawakuandika tarehe, lakini kila njaa kubwa waliipa jina, na katika jina hilo waliweka habari za mambo yaliyoandamana nayo. Asikiaye majina hayo kwa utaratibu husoma historia ya nchi hii.

Mwaka wenyewe waliugawanya kwa mvua mbili. Mvua ya njahi hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na mvua ya mwere, yaani uwele, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua moja ikikosa, watu waliishi kwa akiba ya ghala na kwa viazi vitamu vilivyobaki ardhini. Zikikosa mbili mfululizo, ndipo njaa ilipopata jina.

Kubwa kuliko zote ni Ng'aragu ya Ruraya, yaani Njaa ya Ulaya, ya miaka ya 1898 na 1899. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuuawa na sotoka katika miaka ya nyuma, nzige walikuwa wamepita, na ndui ikafuata nyuma ya ukame. Ndiyo miaka ambayo reli ilikuwa ikisogea mbele, ikafika Nairobi mwaka 1899, na kwa sababu hiyo watu waliunganisha msiba huo na kuja kwa Wazungu. Walioumia zaidi walikuwa watu wa Kiambu. Wenye nguvu walitembea kwa miguu kuelekea Murang'a na Nyeri, ambako mashamba yalikuwa na nafuu, wakapokewa na jamaa zao au wakafanya kazi kwa ajili ya chakula. Tusifiche neno: wako waliowaweka binti zao rehani kwa watu wa mbali ili nyumba isife.

Hata huku Nyeri ziada haikuwa nyingi. Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, alitaabika sana kupata chakula cha wapagazi wake, ikabidi kitafutwe mpaka Naivasha. Nao waliohama Kiambu, waliporejea, wengi walikuta nchi yao imehesabiwa kuwa haina mwenyewe, na sehemu yake ikagawiwa walowezi. Hivyo ukame wa miaka miwili ulizaa shauri la ardhi lililodumu zaidi ya nusu karne.

Ikaja Ng'aragu ya Mianga mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu walipolazimika kula mihogo, chakula ambacho wengi hawakukizoea. Tena mwaka 1984 mvua ya njahi ilikosa, na Serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Wengi wenu mngali mnakumbuka ladha yake.

Sasa tutazame jambo moja. Katika njaa za zamani dawa ya kwanza ilikuwa kuhama: wa nchi kavu alipanda kwa ndugu yake wa nchi yenye mvua. Dawa hiyo imekwisha. Baada ya Uhuru mwaka 1963, mashamba makubwa ya walowezi katika nyanda za Kieni na kuelekea Nanyuki yalinunuliwa na makampuni na vyama vya wananchi, yakagawanywa vipande vidogo. Wengi waliotoka milima ya Tetu, Othaya na Mathira walikwenda na mbegu za kwao, lakini Kieni iko kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, nayo milima hiyo huizuilia mvua. Basi wakayageukia maji ya mito. Naro Moru, Burguret na Nanyuki ikatolewa mifereji na mabomba, na miezi ya kiangazi watu wa chini, mpaka Isiolo na Samburu, wakaona mchanga mahali pa maji.

Mlima wenyewe nao umebadilika. Mwishoni mwa karne ya 19 ilihesabiwa mito ya barafu 18 juu yake. Mingi imetoweka, na ule uitwao Lewis ulipoteza yapata sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Lakini maji ya mito yetu hutegemea zaidi mvua inayohifadhiwa na msitu na ardhi ya mlimani kuliko barafu. Kwa hiyo uchunguzi wa mwaka 1999, uliofanywa kwa ndege na kuonyesha jinsi msitu ulivyoharibiwa kwa kukata miti na kuchoma makaa, ulikuwa habari ya ghala letu kuvunjwa.

Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilipungua mno katika sehemu nyingi za nchi kavu, na Kieni haikusalimika. Hapakuwa na kilima kitupu cha kuhamia. Palipokuwa na unafuu, chanzo chake kilikuwa akiba na mapatano. Vyama vya watumiaji maji, vilivyoanza kando ya mito hii katika miaka ya 1990 na kutambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002, hukutanisha watu wa juu na wa chini ili wapange zamu. Kazi yao ni ngumu, kwa maana mwenye bomba huamka usiku na kulifungua. Hata hivyo ni heri ugomvi wa mkutanoni kuliko ugomvi wa mtoni.

Akiba haiozi. Kwa hiyo yatupasa kila mwanachama mwenye paa la mabati aweke tangi, na kila aliye juu ya mto akumbuke kwamba babu yake huenda alipokewa na mtu asiyemjua. Nanyi wazee, twawaomba mmpe karani majina ya njaa mlizozijua, pamoja na majina ya koo zilizowapokea wenzao, yaandikwe kitabuni kabla hayajasahauliwa.