Bunduki na Mzinga: Asili na Mabadiliko ya Maana ya Majina ya Silaha katika Kiswahili

Insha hii inajadili asili ya maneno bunduki na mzinga ili kupima dai kwamba msamiati wote wa Kiswahili wa silaha za moto ni wa kukopa. Bunduki limetokana na Kiarabu. Awali bunduq lilikuwa jina la kokwa itokayo Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi. Likahamia kwenye vidonge vya udongo au risasi vilivyorushwa kwa upinde, kisha kwenye silaha ya baruti. Kiingereza nacho kilipita njia hiyo: Biblia yao ya mwaka 1611 inaziita silaha za Yonathani, yaani upinde na mishale, artillery, neno ambalo leo hutaja mizinga.

Mzinga, kinyume chake, ni neno la Kibantu. Ni gogo lililotobolewa ndani, likatundikwa mtini kuwa makazi ya nyuki. Umbo hilo lilitosha kuipa jina silaha iliyofika kwa merikebu, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaorodhesha maana zote mbili. Safari haijakoma: Mbezi Beach na kwingineko jijini Dar es Salaam, kupigwa mzinga ni kuombwa fedha.

Hivyo basi, wazungumzaji hawakupokea tu. Walibuni pia kutokana na mazingira yao. Aidha, mtafiti wa majina ya mahali, mathalani Mto Mzinga wa Temeke, asikimbilie kuona kumbukumbu ya vita pale ambapo huenda palikuwa na asali tu.