Makarani na Baraza la Jioni

Tunaposoma historia ya Uhuru, tusidharau mazungumzo ya makarani baada ya kufunga ofisi. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Mkoloni aliwagawa watu kwa rangi na kabila. Chamani Mkristo na Mwislamu, mtu wa pwani na wa bara, waliketi pamoja, wakasoma magazeti, wakafahamiana. Mwaka 1929 African Association ikaundwa Dar es Salaam. Baadaye, ikiitwa TAA, ikageuzwa kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Waliozoeana katika starehe ndogo waliweza kuaminiana katika jambo kubwa. Basi tukumbuke kwamba umoja wetu ulilelewa pia barazani.