Habari za Ardhi: Shauri la Mwaka 1958

Ndugu wanafunzi wa Bariadi na wilaya nyingine za Simiyu! Fungueni madaftari. Andikeni kwanza neno hili: ngitili.

Ninyi mwalijua kuliko mimi. Ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili majani yapatikane kiangazi. Ngitili nyingine ni za mtu mmoja, nyingine za kijiji kizima. Basi, kama jirani angemwuzia mfanya biashara sehemu ya ngitili ya kijiji, ng'ombe wako wangekula nini mwezi wa Septemba?

Swali hilo si geni. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali yao. Na ni wao walioamua ipi haina mwenyewe! Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1923, waliweka ardhi yote chini ya Gavana. Hata hivyo Wasukuma waliendelea na desturi zao: mwanangwa alimpa mtu shamba, na mtu akihama, shamba lilirudi kwa jumuiya.

Mwaka 1958 serikali ya Waingereza ilileta shauri jipya. Mwafrika aweze kupewa shamba liwe lake kabisa, aliuze akipenda. Sababu yake haikuwa ya kipumbavu. Mwenye hati aweza kukopa fedha benki, na mkulima wa pamba asiye na plau ajua maana ya fedha hizo.

Julius Nyerere, Rais wa TANU, alipinga. Mwaka ule ule aliandika maandishi yaitwayo Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa hii: ardhi hakuiumba mtu, kilicho chake mtu ni kazi aliyoifanya juu yake. Ardhi ikiuzwa, wachache watainunua, na wengine wote watakuwa wapangaji wao. Angalieni sana jambo moja. Hakuwaogopa wageni tu. Alisema kuwa hata pasingekuwa na mgeni tajiri, wangetokea Waafrika matajiri na werevu wa kununua ardhi ya wenzao.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, sheria iliondoa milki ya ardhi ya milele. Wenye mashamba hayo, wengi wao wageni, walibaki na haki ya kuyakodi kwa serikali kwa miaka 99, tena kwa sharti la kuyaendeleza.

Lakini tuseme ukweli wote. Ardhi ambayo jirani hawezi kuiuza, serikali yaweza kuichukua. Wazee wenu wakumbuka mwaka 1974, watu walipohamishwa kwenda vijiji vipya, na mashamba yao ya zamani yakabaki nyuma. Wengi hawakuulizwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka kizuizi. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa kijiji haujakubali. Mkutano huo ni ninyi, watu wazima wote wa kijiji. Makubaliano huandikwa katika muhtasari, na asiyejua kusoma hutia kidole gumba akiamini maneno ya mwingine.

Kazi ya juma lijalo: mwombeni mwenyekiti awaonyeshe muhtasari wa mkutano uliopita. Tafuteni neno "ardhi". Nakilini kila sentensi yenye neno hilo, mje nayo darasani.