Elimu ya Mwanadamu na Makaburi ya Sanga

Ipo elimu moja ambayo jina lake huwatisha watu: antropolojia. Maana yake ni elimu ya mwanadamu, basi. Wengi hudhani ni kazi ya kupima vichwa vya watu tu, na dhana hiyo haikuzuka bure, kama tutakavyoona. Lakini afadhali tuieleze kwa kutazama mahali pamoja kuliko kwa maneno matupu. Twende Sanga, kando ya ziwa Kisale, pale mto Lualaba unapopita katika mabwawa ya Upemba, nchi ya Baluba.

Mwaka wa 1957 Mbelgiji Jacques Nenquin alichimba huko, na mwaka wa 1958 kazi iliendelea pamoja na Jean Hiernaux. Yalifukuliwa makaburi zaidi ya 100. Tangu mwaka wa 1974 mwenzao Pierre de Maret naye alichimba, Sanga na mahali pengine katika bonde lile. Ikajulikana kwamba watu wamezikana huko tangu miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, tena wakiwa na mafundi hodari wa chuma, shaba na udongo. Hapo kale Wazungu wengi waliandika kwamba nchi zetu hazina historia. Kumbe ilikuwa imelala chini ya miguu yao.

Kuchimba na kusoma vitu vya kale ndilo tawi la kwanza, akiolojia. Nalo lina subira nyingi. Makaburini walikuta vyungu vizuri mno, na katika makaburi ya zamani vyungu hupatana na umri wa marehemu: mkubwa alipewa vikubwa, mtoto mchanga alipewa vidogo. Walikuta shaba pia, na shaba haichimbwi Kisale. Ilitoka mbali kusini. Walikuta hata simbi za bahari ya Hindi. Kwa hiyo njia za biashara zilifika huko kabla Mzungu ye yote hajaiona Lualaba.

Kuna na misalaba ya shaba. Msomaji mkristu asidanganyike: si alama ya Bwana wetu, kwani ilianza kutengenezwa kabla ya mmisionari wa kwanza kufika katika nchi hii. Ile mikubwa iliwekwa juu ya kifua cha marehemu. Baadaye ikawa midogo zaidi na ya kufanana, ikafungwa pamoja mkononi au kiunoni, na wataalamu wakatambua kwamba ilikuwa imegeuka fedha.

Tawi la pili ni lugha, nalo halihitaji jembe. Mluba husema muntu, Mkongo muntu, Mnyarwanda umuntu, nasi katika Kiswahili husema mtu. Maneno kama hayo yakiwa mengi na yakifuata kanuni moja, yanaonyesha kwamba lugha hizo ni za ukoo mmoja. Lakini tuwe na busara: chungu hakisemi. Hakiwezi kutuambia mwenyewe alisema lugha gani.

La tatu ni elimu ya desturi: ndoa, ukoo, utawala, mazishi, yaani yale yote ambayo mtu hazaliwi nayo bali hufundishwa na wakubwa wake. Kule Kamilamba, katika bonde lile lile la Upemba, kaburi moja la karne ya 8 lilikuwa na shoka lenye mpini uliopambwa kwa misumari, na fuawe karibu na kichwa. Mchimbaji peke yake angeandika "vyombo vya mhunzi", akaendelea. Anayejua desturi za Baluba hushtuka, maana kwao shoka la namna hiyo na fuawe ni vitu vya ufalme.

Limebaki tawi la mwili, na hapa ndipo penye uchungu. Katika Rwanda na Burundi wataalamu walipima pua na urefu wa watu. Watawala, na tuseme kweli, hata wamisionari kadhaa, walikwisha kuamini kwamba Watutsi walizaliwa kutawala. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji ikaanza kuandika Hutu, Tutsi au Twa katika vitambulisho vya Rwanda. Hiernaux mwenyewe alipima watu wa nchi hizo. Lakini yeye aliendelea kufikiri, na mwaka wa 1964 alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokutana Moscow kwa mwito wa UNESCO, wakatamka kwamba wanadamu wote ni wa jinsi moja, wenye asili moja. Jambo hilo katekisimu ilikuwa imekwisha kulifundisha, ingawa si kila aliyeifundisha aliishika.

Vitambulisho vile viliendelea kutolewa Rwanda miaka 30 tena. Mwaka wa 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, wauaji waliwataka watu wavitoe, wakasoma neno lile moja.