Kufikia mtandao kwa mbali: jinsi ya kujiandaa na mtihani wa CCNA ukiwa kijijini

Kila tunaporusha kipindi cha ajira kwa vijana, swali moja halikosekani: mtu aliyesoma kompyuta kidogo, anayeishi mbali na mji, anaweza kupata cheti cha kimataifa cha mitandao bila kuhamia mjini? Jibu ni ndiyo, anaweza. Lakini mtihani wenyewe una ada kubwa, na ukifeli ada hiyo hairudi. Kwa hiyo tumeandaa makala hii kueleza sehemu moja ya mtihani wa CCNA ambayo watu wengi huisoma vibaya, nayo ni kufikia mtandao kwa mbali.

Kufikia kwa mbali ni nini?

Tuanze na mfano wa hapa kwetu. Studio yetu ipo chini, mtambo wa kurushia matangazo upo mlimani, na fundi wetu anaishi mjini, mwendo wa saa kadhaa kwa basi. Zamani mtambo ukizima usiku tulikaa kimya mpaka afike. Siku hizi anafungua kompyuta yake huko huko aliko, anaingia kwenye ruta ya mlimani kupitia intaneti, anaangalia tatizo, na mara nyingi analirekebisha kabla ya taarifa ya habari ya asubuhi.

Huko ndiko kufikia kwa mbali: kukiendesha kifaa ambacho hukioni wala hukigusi. Faida yake iko wazi. Hatari yake nayo iko wazi, kwa sababu njia anayopita fundi, mwizi naye anaweza kuipita. Hivyo karibu kila swali la mtihani katika eneo hili linarudi kwenye mambo matatu: njia ni salama? Anayeingia ni nani? Ameruhusiwa kufanya nini?

Mtihani wenyewe kwa ufupi

CCNA ni cheti cha kampuni ya Cisco ya Marekani, inayotengeneza ruta na swichi. Mtihani unaotumika sasa una namba 200-301 na ulianza Februari 2020. Unafanyika kwa dakika 120. Hauna sharti la kuwa na cheti kingine kwanza. Haupo kwa Kiswahili, kwa hiyo wengi wetu tutaufanya kwa Kiingereza. Wakati tunaandika makala hii ada yake ni dola 300 za Marekani, kabla ya kodi. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka 3, kisha unatakiwa kukihuisha.

Muhtasari rasmi wa mtihani umegawanywa katika maeneo sita: misingi ya mitandao 20%, kuunganisha vifaa kwenye mtandao 20%, usafirishaji wa data kati ya mitandao 25%, huduma za mtandao 10%, usalama 15%, na uendeshaji wa mitandao kwa programu 10%. Kufikia kwa mbali kumetawanyika, hasa kwenye huduma na usalama. Si sehemu kubwa kuliko zote, ila ndiyo utakayoitumia siku ya kwanza kazini.

Soma kitenzi, si mada peke yake

Hapa ndipo wengi wanapoteza muda. Muhtasari wa Cisco hautaji mada tu, unataja na kitenzi. Kwa SSH, muhtasari unataka uweze kusanidi, yaani kuingiza mipangilio kwenye kifaa kwa mikono yako. Kwa VPN, unataka uweze kueleza. Kwa habari ya utambulisho na ruhusa, unataka uweze kutofautisha.

Maana yake ni kwamba SSH huwezi kuimaliza kwa kusoma kwenye simu ukiwa umelala. Lazima ukae kwenye kompyuta uifanye mpaka vidole vizoee. VPN unaweza kuisoma kwenye simu na kumwelezea mwenzako. Ukilijua hilo, unajua bando lako na muda wako viende wapi.

Telnet na SSH

Telnet ni njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa cha mbali. Ilianza mwaka 1969 na hutumia poti namba 23. Tatizo lake ni kwamba kila unachoandika kinasafiri wazi, likiwemo neno lako la siri. Ni sawa na kumpa kondakta wa basi barua isiyo na bahasha: kila atakayeishika njiani anaweza kuisoma.

Mwaka 1995, Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, alitengeneza SSH baada ya watu kunasa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo chake. SSH hutumia poti namba 22, na huyageuza mazungumzo yote kuwa fumbo. Atakayeyanasa njiani ataona herufi zisizo na maana.

Kwa mtihani, hakikisha unaweza kufanya hatua hizi bila kuangalia daftari. Ipe ruta jina lake, tofauti na lile la kiwandani. Ipe jina la kikoa. Tengeneza jozi ya funguo za RSA. Chagua toleo la 2 la SSH. Unda mtumiaji mwenye jina na neno la siri. Mwisho, nenda kwenye milango ya kuingilia kwa mbali, inayoitwa VTY, uiambie iwatambue watumiaji uliowaunda na ikubali SSH peke yake.

Ukiruka jina la ruta au jina la kikoa, ruta itakataa kutengeneza funguo kwa njia ya kawaida. Ukisahau hatua ya mwisho, Telnet inaweza kubaki wazi huku wewe ukiamini umefunga. Makosa hayo mawili yanaonekana madogo kwenye kitabu, lakini ndiyo yanayowasumbua wanaojifunza.

Mgeni mlangoni: herufi tatu za A

Mgeni akifika ofisi ya kijiji, mtendaji humuuliza kwanza yeye ni nani na kutaka barua ya utambulisho. Kisha humwambia anaruhusiwa kwenda wapi: shuleni sawa, ghalani hapana. Mwisho mgeni husaini kitabu cha wageni, na saa ya kufika huandikwa.

Mitandao nayo ina hatua hizo hizo tatu, na kwa pamoja huitwa AAA. Ya kwanza ni kuthibitisha utambulisho: wewe ni nani? Ya pili ni kutoa idhini: unaruhusiwa kufanya nini? Ya tatu ni kuweka kumbukumbu: ulifanya nini na saa ngapi? Mtihani hupenda kukupa kisa kifupi na kukuuliza ni hatua ipi kati ya hizo. Mtu aliyeingia vizuri lakini akazuiwa kubadilisha mipangilio, kikwazo chake ni cha idhini, si cha utambulisho.

Kampuni yenye vifaa vingi haiwezi kuandika majina ya watumiaji kwenye kila ruta. Huweka seva moja, na ruta zote huiuliza. Ruta huongea na seva hiyo kwa RADIUS au TACACS+. RADIUS kwa kawaida hupita kwenye UDP, poti 1812 na 1813, na katika mfumo wake wa asili hufumba neno la siri tu. TACACS+ hupita kwenye TCP, poti 49, hufumba mwili wote wa ujumbe, na hutenganisha hatua tatu za AAA. Kwa sababu hiyo, TACACS+ hupendwa kwa kusimamia mafundi wanaoingia kwenye ruta, na RADIUS hutumika sana kwa watumiaji wa kawaida, kama wanaojiunga na Wi-Fi ya ofisi.

VPN za aina mbili

VPN ni njia ya siri inayopita ndani ya intaneti ya kila mtu. Fikiria sanduku lililofungwa kwa kufuli likisafiri juu ya basi la abiria. Basi ni la wote, ila sanduku atalifungua mwenye ufunguo tu.

Aina ya kwanza inaunganisha ofisi na ofisi. Ruta ya tawi na ruta ya makao makuu hufanya kazi yote, na mfanyakazi hahitaji hata kujua kuwa VPN ipo. Aina ya pili inamuunganisha mtu mmoja na ofisi yake. Huyu huweka programu ya VPN kwenye kompyuta au simu yake, na hujitambulisha kila anapoingia. Fundi wetu wa mjini anatumia aina hii ya pili.

Jina utakalokutana nalo sana ni IPsec, mkusanyiko wa itifaki zinazolinda data. Ndani yake kuna IKE, inayoanza mazungumzo na kupatana funguo kupitia UDP poti 500. Kuna ESP, inayofumba data. Kuna pia AH, inayothibitisha kuwa data haikubadilishwa lakini haiifumbi. Ukiulizwa ipi inaficha ujumbe, jibu ni ESP.

Jihadhari na vitabu vya zamani

Vitabu vya mitumba na mafaili yanayosambazwa kwa flashi vina msaada, lakini angalia namba ya mtihani kwenye jalada. Miaka ya 2000 Cisco ilikuwa na mtihani mzima wa kufikia kwa mbali, BCRAN, katika ngazi ya juu ya CCNP. Ulihusu modemu za simu ya waya, Frame Relay na ISDN, ambayo katika kifurushi chake cha msingi ilikuwa na njia 2 za kilobiti 64 kila moja. Mtihani huo haupo tena.

Yapo ndani yake mambo ya kujifunza. Kwa mfano PAP ilituma neno la siri wazi, wakati CHAP ilimpa anayeingia fumbo la kujibu bila neno lenyewe kupita njiani. Wazo hilo ndilo lile lile la Telnet na SSH. Ila usitumie mwezi mzima kukariri ISDN halafu ukalipia mtihani wa leo.

Kujisomea kwa simu na kompyuta

Simu inatosha kwa kusoma, kutazama masomo na kujipima. Kwa mazoezi ya mikono unahitaji kompyuta, hata ya kuazima shuleni au kwa ndugu. Cisco hutoa bure programu ya Packet Tracer kupitia mafunzo yake ya Networking Academy. Humo unajenga ruta na swichi za kuigiza, na unaweza kusanidi SSH na AAA bila kununua kifaa chochote. Pakua programu na masomo siku ukiwa na mtandao mzuri, kisha fanya mazoezi taratibu.

Jipime hivi: futa kila kitu, anza na ruta tupu, sanidi SSH, halafu jaribu kuingia kwa Telnet. Ikikataa, na SSH ikakubali, umeelewa.

Wanaouza maswali

Wapo watu wanaouza maswali wanayodai yamevuja. Tunawaomba wasikilizaji wetu wasiyanunue. Mengine ni ya uongo, na hata yakiwa ya kweli, Cisco inaweza kufuta matokeo, kumnyang'anya mtu vyeti na kumzuia asifanye mitihani yake tena. Zaidi ya hapo, mwajiri atakukalisha mbele ya ruta siku ya usaili. Aliyekariri majibu atajulikana ndani ya dakika chache.

Siku ya mtihani

Mtihani unasimamiwa na Pearson VUE. Unaweza kuufanya kwenye kituo, na vituo vipo kwenye miji kama Dar es Salaam na Nairobi, au nyumbani mbele ya kamera. Wa nyumbani unahitaji kompyuta, chumba ulichomo peke yako, meza tupu na mtandao usiokatika. Kama umeme wa kwenu si wa kuaminika, nauli ya kwenda kituoni ni bora kuliko kuhatarisha ada nzima. Hakikisha jina ulilojisajilia linafanana na la kitambulisho chako.

Ukishajibu swali na kusonga mbele huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo soma kwa utulivu kabla ya kubonyeza. Ukifeli, utasubiri siku 5 kabla ya kurudia, na utalipa upya.

Ushauri wetu ni huu: usilipe ada kwa sababu umemaliza kitabu. Lipa siku unapoweza kuifungua ruta ya mbali kwa usalama bila kuangalia daftari, na kumweleza mtu mwingine kwa nini umefanya kila hatua.